Kamba ya Ngamia: Safari ya Kisii na Nyamira na Mpaka wa Akili



Himidi zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, kisha kwa hekima Yake akaiwekea akili hiyo mpaka isiouvuka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake.

Neno letu hili "akili" tumelipokea kutoka katika Kiarabu. Wajuzi wa lugha hiyo wanalinasibisha na iqali, yaani kamba anayofungwa ngamia gotini ili asitoroke usiku. Kwa maana hii, kazi ya kwanza ya akili ni kumzuia mwenyewe asiende pasipofaa, hata kabla ya kumfikisha mbali. Maana hiyo nilikuwa nikiijua tangu chuoni, lakini sikupata kuizingatia kama nilivyoizingatia nilipokwenda Kisii na Nyamira kumsindikiza kijana wetu aliyeposa huko.

Atokaye Mombasa kwenda Kisii hupita Nairobi, akateremka Bonde la Ufa, akazipita Narok, Bomet na Sotik. Akifika Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizi mbili, hujua ameingia nchi ya Wagusii. Hewa ni ya baridi, kwa kuwa Kisii mjini ni kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Milima imebanana, na kila mteremko umelimwa mpaka kileleni. Upande wa Nyamira chai imetanda kama busati la kijani, na wachumaji husimama ndani yake hadi kiunoni, kapu mgongoni, wakikwanyua majani mawili na kichipukizi. Upande wa Kisii migomba imesonga nyumba pande zote, na kule Tabaka mafundi huchimba jiwe laini la sabuni wakalichonga vinyago na vyombo ambavyo hata sisi wa pwani tunavinunua madukani.

Ardhi hiyo ni njema, na ni ndogo kwa watu wake. Hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta Kisii watu 1,266,860, na Nyamira watu 605,576. Katika Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Babu alikuwa na shamba, baba akapata kipande, mjukuu naye anagawiwa safu chache za migomba. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, kwa kuwa tutalihitaji huko mbele.

Mswahili akiketi kusikiliza Kigusii hataona kuwa yu ugenini kabisa. Kichwa, ambacho sisi wa Mvita tumezoea kukiita kitwa, wao wanakiita omotwe. Mchawi wanamwita omorogi, na sisi tunalo neno kuroga. Lugha zetu ni ndugu wa tumbo moja. Basi yatakayosemwa hapa juu ya wenzetu, tusiyasome kama habari za watu wa mbali.

Nchi hiyo ina ufundi mmoja ulioandikwa na matabibu wa ulimwengu. Tangu zamani Wagusii walikuwa na wapasuaji wa kichwa, ambao mmoja wao huitwa omobari, na wengi ni ababari. Mtu aliyepigwa rungu au kuangukiwa na kitu, kisha akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokoma, alipelekwa kwa omobari. Ngozi ya kichwa ilipasuliwa, na mfupa ukakwanguliwa taratibu kwa kisu, kidogo kidogo, mpaka tundu likafunguka. Haya yalifanywa bila ya dawa za usingizi za hospitali, na wagonjwa wengi waliishi. Daktari wa maradhi ya akili, Edward Margetts, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, aliyachunguza mambo hayo na kuyaandika.

Na ufundi huu si mgeni katika turathi zetu. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki yapata miaka elfu moja iliyopita, alieleza upasuaji wa fuvu katika kitabu chake kikubwa cha tiba, Kitab al-Tasrif, chenye juzuu 30.

Lililonishughulisha zaidi katika habari za ababari ni pale wanaposimamisha kisu. Chini ya mfupa wa fuvu upo utando unaoufunika ubongo. Omobari hodari hukwangua mfupa hadi karibu ya utando huo, kisha akaacha. Akiugusa, mgonjwa yu hatarini. Ufundi wake wote unategemea kujua mahali pa kukoma. Hakusoma chuo kikuu, lakini alijua kwamba mbele ya hapo si pake.

Nalo tundu hilo, hata likiwa pana vipi, halikumwonyesha mtu yeyote fikira ya mgonjwa. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kiasi cha kilo moja na nusu hivi, na madaktari wa leo wana mitambo ya kuupiga picha hai unapofanya kazi. Wanaweza kuonyesha sehemu ya kusemea, sehemu ya kuonea na sehemu inayotunza kumbukumbu. Lakini hakuna mtambo unaosoma nia iliyo moyoni mwa jirani. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Isra aya ya 85, anatufahamisha kwamba jambo la roho liko Kwake, na kwamba elimu tuliyopewa wanadamu ni chache. Wenye elimu kubwa ndio waliolielewa hilo zaidi. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia katika al-Munqidh jinsi alivyoyatilia shaka macho yake mwenyewe. Jicho linaiona nyota ndogo kama sarafu ya dinari, ilhali hesabu za wataalamu zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akajiuliza: ikiwa jicho limenidanganya mpaka akili ikaja kulisahihisha, ni nani atakayeisahihisha akili?

Swali hilo la al-Ghazali si la wanazuoni peke yao. Kisii limegharimu roho za watu.

Mwezi wa Mei mwaka 2008, kundi kubwa la watu lilivamia nyumba za wazee katika vijiji vya Kisii, likawachoma moto. Waliouawa walitajwa kuwa 11, wanawake 8 na wanaume 3, wote watu wa umri mkubwa, kwa tuhuma ya uchawi. Na ushahidi ulikuwa nini? Iliripotiwa wakati ule kwamba wanakijiji walidai kuliona daftari la shule, ambalo ndani yake yaliandikwa eti mambo ya kikao cha wachawi na majina ya watakaorogwa. Daftari! Kitu ambacho mtoto yeyote mwenye kalamu anaweza kukijaza kwa dakika kumi. Halafu mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne waliuawa na kundi la watu, tuhuma ikiwa ni ile ile.

Ndugu msomaji, watu waliofanya hayo si wajinga kwa maana tunayoifikiria. Kisii ni nchi ya walimu, mawakili na madaktari. Wenye akili walikuwapo. Kilichokosekana ni kamba.

Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa upande wa Nyamira, jirani wa wazazi wa binti tuliyemposa. Jioni moja tulipokuwa tukinywa chai nilimuuliza habari za mambo haya, nikichelea kumkera. Hakukereka.

"Sheikh," akaniambia, "mama yangu nusura awe mmoja wao."

Alinieleza kwamba mama yake, katika miaka yake ya mwisho, alianza kusahau. Mwanzo alisahau sufuria motoni. Kisha akasahau majina ya wajukuu. Baadaye, jua likizama, alikuwa hatulii. Akiachwa kidogo tu hufungua mlango akatoka gizani, bila viatu, wakati mwingine nguo haikukaa sawa, akizunguka nyua za watu. Ukimuuliza, husema anatafuta ng'ombe. Ng'ombe wenyewe waliuzwa miaka mingi nyuma ili kulipa karo.

"Jirani akiamka usiku, akamwona kikongwe nyuma ya nyumba yake anazungumza peke yake, unadhani atasema nini? Na ikiwa wiki ile mtoto wake anaumwa?"

"Ukafanya nini, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Nilipita nyumba kwa nyumba, mchana, nikawaambia: omong'ina wetu ni mgonjwa. Mkimwona usiku, nipigieni simu. Niliona haya, Sheikh. Lakini nilijua haya yangu itamwua."

Mama huyo alifariki kitandani mwake, watoto wake wamemzunguka.

Maradhi aliyokuwa nayo yanajulikana. Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza mbele ya wenzake mabadiliko aliyoyakuta katika ubongo wa mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu, na tangu hapo aina moja kubwa ya maradhi haya inaitwa kwa jina lake. Duniani leo wamo zaidi ya watu milioni 55 wenye maradhi ya kupotewa na kumbukumbu. Dalili zake ni hizo hizo: kusahau ya jana na kukumbuka ya utotoni, kutangatanga, kuzidi kuchanganyikiwa jua likishuka, kuwashuku watu wa nyumbani kuwa wameiba, kuongea na asiyekuwapo. Tazama sasa jinsi kila dalili ilivyo tayari kuitwa uchawi na mwenye kutaka kuiita hivyo.

Qur'ani ilikwisha kutueleza hali hii. Katika Sura ya An-Nahl aya ya 70, na tena katika Sura ya Al-Hajj aya ya 5, Mola wetu anataja kwamba miongoni mwetu wamo watakaorejeshwa kwenye umri dhaifu kabisa, wakawa hawajui kitu baada ya kuwa walikuwa wakijua. Hilo ni tendo la Muumba katika umbo la kiumbe Wake, kama mvi na mikunjo ya uso. Halina laana ndani yake, wala si dalili ya uovu. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kalamu imeondolewa kwa mtu aliyepotewa na akili mpaka imrudie. Ikiwa malaika wa Mwenyezi Mungu wameinua kalamu zao wasimwandikie dhambi bibi huyu, ni nani aliyempa kijana wa kijijini kalamu ya kumwandikia?

Tena yafaa tuulize kwa nini wanaotuhumiwa wengi ni wanawake, na wengi ni wajane. Kwa mila za Wagusii, mwanamume haoi katika ukoo wake. Mke huja kutoka ukoo mwingine, naye huishi maisha yake yote kati ya jamaa za mume. Mume akishafariki na umri ukamlemea, hubaki mwanamke mkongwe mwenye kipande cha shamba katika nchi ambayo shamba ni adimu kuliko dhahabu. Sisemi kwamba kila tuhuma nyuma yake ipo tamaa ya ardhi. Nasema kwamba tamaa ikiwapo, uchawi huwa ni jina rahisi la kuifunika. Na akili ya mwanadamu ina udhaifu huu: yale inayoyatamani, huyaona kuwa yamethibitika.

Najua baadhi ya wasomaji watasema: Sheikh, je, unakanusha uchawi? Sikanushi. Sihiri imetajwa katika Qur'ani, Sura ya Al-Baqara aya ya 102, na ni miongoni mwa madhambi makubwa yaangamizayo. Lakini tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuamini kwamba sihiri ipo ni jambo moja. Kudai kwamba unajua fulani binti fulani ndiye aliyeifanya ni jambo lingine kabisa, na jambo hilo la pili halina njia ya ndoto, wala ya mganga, wala ya daftari. Katika Sura ya Al-Isra aya ya 36 tumekatazwa kulifuata lile tusilolijua, na tukaonywa kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Katika Al-Hujurat tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na kuiepuka dhana nyingi. Wahenga wetu wamesema usilolijua ni usiku wa giza. Basi mwenye kutembea gizani na apapase, asikimbie na kibiriti mkononi.

Kina mama na dada zangu mnaosoma, nyinyi mnaijua habari ya Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie. Uzushi ulipita mdomo hadi mdomo Madina nzima, na wengi walioupitisha hawakuona chochote. Walisikia tu. Ikateremka Sura ya An-Nur kumtakasa mama wa waumini, na kuwakemea waliolisema kwa vinywa vyao jambo wasilokuwa na elimu nalo, wakalihesabu dogo, ilhali mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa. Uzushi ule ulimwumiza mwanamke mmoja aliyekuwa na Wahyi wa kumtetea. Vikongwe wa Kisii na Marani hawakuwa na mtetezi.

Wala tusijidai kwamba haya ni ya bara. Katika Kaunti ya Kilifi, hapa kwetu pwani, wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka kwa tuhuma hizo hizo, mara nyingi katika familia zenye mizozo ya mashamba. Huko Ganze, Kaya Godoma, kipo kituo walichokimbilia wazee waliotishwa na watu wao wenyewe. Mtu mwenye mvi, mwenye watoto na wajukuu, analala kwa hifadhi ya wageni kwa kuwachelea damu yake. Hata mijini kwetu, ambako hatuchomi mtu moto, tunayo namna yetu. Mama akianza kusahau, hupelekwa kwa huyu na yule kutolewa jini, akafukizwa, na wengine hata hupigwa kwa jina la kusomewa. Au hufungiwa chumba cha nyuma wageni wakija. Au mke wa mwana ndiye husemwa kuwa amemlisha kitu. Moto hauonekani, lakini mtu anaungua.

Basi nini la kufanya? Kwanza, mzee akianza kusahau kwa namna isiyo ya kawaida, apelekwe hospitali mapema, kwa maana yapo maradhi mengine yanayofanana na haya na yanatibika. Kumsomea Qur'ani kwa upole ni kheri, wala hakuzuii dawa. Pili, familia iseme wazi, kama alivyosema yule mwalimu. Siri ndiyo inayozaa uvumi. Tatu, mlango ufungwe usiku kwa wema, na taa ndogo iachwe ikiwaka. Nne, asibishiwe. Akisema anamngoja mamake aliyefariki zamani, haina faida kumfisha mama huyo mbele yake kila siku. Tano, akisali sala moja mara tatu, au akasahau rakaa, asikemewe. Mola wake anaijua hali yake kuliko sisi. Sita, mzigo huu usiachiwe binti mmoja peke yake huku kaka wakituma salamu. Amri ya kuwafanyia wema wazazi wakifikia uzee, na kutowaambia hata neno dogo la kuchoka, haikuteremka kwa wanawake pekee.

Na ikiwa tuhuma imekwisha kutamkwa, tujue kwamba sheria ya Kenya juu ya uchawi, ya tangu mwaka 1925, inamhesabu kuwa na kosa mtu anayemtuhumu mwenzake uchawi, isipokuwa amepeleka shauri lake kwa wenye mamlaka kama vile polisi au chifu. Anayesikia jirani zake wanapanga jambo naye akanyamaza, ajue kwamba kunyamaza kwake kutaulizwa pia.

Imesimuliwa kwamba Imam Malik bin Anas, imamu wa Madina, aliulizwa siku moja masuala 48, na katika 32 kati ya hayo akajibu: sijui. Watu walifunga safari ndefu kumfuata mtu mwenye elimu kama ile, wakarudi makwao na "sijui". Haikumpunguzia cheo. Watu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huenda ni kweli. Lakini "sijui" ni ya wachache, na laiti ingalitamkwa na mtu mmoja mwenye sauti mbele ya kundi lile la mwaka 2008, huenda wazee wale wangaliona asubuhi.

Omobari hukomesha kisu chake kwenye utando. Sisi nasi tukomeshe ndimi zetu pale elimu yetu inapokoma, na zaidi ya hapo tumwachie Mjuzi wa ghaibu.

Ewe Mola wetu, turuzuku akili inayokujua Wewe na kuujua mpaka wake. Warehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, wala usiturejeshe kwenye umri dhaifu ila tuwe mikononi mwa wenye huruma. Warehemu waliouawa kwa dhuluma, na uwaongoze waliowadhulumu watubie kabla ya siku ya hesabu. Amin.

Wabillahi tawfiq.